Maswali na Majibu: Meza ya pool iliyotumika kwa nyumba ya wanafunzi

Vyuo vinapofunguliwa, wanafunzi waliopanga nyumba kwa pamoja hutuandikia sana kuhusu meza za pool zilizotumika. Safari hii ukurasa mzima ni wao. Majibu yameandikwa na mafundi wa meza pamoja na wachezaji, na msimamo wetu tunauweka mbele mapema: ukinunua meza iliyotumika, unanunua jiwe na fremu. Kitambaa, raba (zile kingo za ndani zinazorudisha mpira), mipira, fimbo, hata mtambo wa sarafu, vyote hubadilishwa kidogo kidogo. Jiwe lililopasuka na fremu iliyoliwa na mchwa havina dawa ya bei rahisi.

Je, sebule yetu inatosha?

*Tuko sita, tumepanga nyumba nzima Changanyikeni, Dar es Salaam. Sebule ina urefu wa mita 4.8 na upana wa mita 4.2. Kuna jamaa anauza meza ya futi saba. Wenzangu wanasema itaingia, mimi naogopa tutakuwa tunagonga ukuta kila tukipiga.*

Meza itaingia bila shida. Kinachoweza kukosa nafasi ni fimbo. Pimeni eneo la kuchezea, yaani kutoka ncha ya raba ya upande mmoja hadi ncha ya raba ya upande wa pili, msipime meza kwa nje. Meza ya Kiingereza ya futi saba huwa na eneo la karibu sm 183 kwa 91. Ongezeni urefu wa fimbo mara mbili, kisha sm 30 za kuvutia mkono nyuma, 15 kila upande. Fimbo ya kawaida ya meza hizi ina sm 145. Kwa urefu mnapata 183 + 290 + 30, jumla sm 503. Kwa upana ni 91 + 290 + 30, jumla sm 411.

Kwa hiyo upana wenu unatosha, tena unabaki na sm 9. Urefu umepelea sm 23. Hilo lisiwafanye muiache meza. Tafuteni fimbo moja fupi ya sm 122, na mahitaji ya urefu yatashuka hadi sm 457. Mtaihitaji tu pale mpira mweupe unapoganda karibu na raba ya mwisho. Msipoipata dukani, seremala anaweza kuikata fimbo ya zamani isiyo na kiungo. Akate upande wa kitako, asiguse kabisa upande wa ncha, kwa sababu ule wembamba wa mbele ndio unaoifanya fimbo ipite vizuri kwenye vidole.

Kabla ya yote, mwambieni huyo jamaa apime tena mbele yenu. Wauzaji wengi hutaja ukubwa kwa kukisia. Futi saba ya Kimarekani ina eneo la karibu sm 198 kwa 99. Futi nane ni sm 224 kwa 112, na fimbo zake ni sm 147. Ya futi nane inataka chumba cha sm 548 kwa 436, na hicho hamna. Angalieni pia nguzo, mlango unaofungukia ndani na kabati la televisheni. Taa ya kuning'inia isiwe chini ya mita 1 kutoka uso wa meza.

Tunakwenda kukagua Jumamosi, tuangalie nini?

*Tunasoma Mzumbe. Tumepata meza ya sarafu iliyokuwa baa, Morogoro mjini. Hakuna fundi kati yetu. Tutajuaje kama ni nzima?*

Bebeni tochi, futi ya kupimia, pima maji ya fundi mwashi, uzi wa kuvulia samaki, sarafu tatu za aina moja na bisibisi. Muombeni muuzaji awape saa nzima, na mwende mchana.

Anzeni chini ya meza, siyo juu. Ingia uvunguni na tochi, tazama kile kilicholala juu ya fremu. Sleti ni jiwe la kijivu lililoiva, baridi ukiligusa, na kwenye meza hizi huwa na unene wa mm 19 hivi. Ukingo wake huonekana vizuri pia ndani ya mashimo ya kutumbukizia mipira. Ukiona rangi ya kahawia yenye chembechembe za unga wa mbao, hiyo ni MDF, na bei yake lazima iwe nyingine kabisa. Tafuta nyufa mahali zinapoanzia mara nyingi: kwenye matundu ya skrubu na kwenye kona za mashimo. Kisha rudi juu, pitisha kiganja polepole juu ya kitambaa chote. Ufa uliozibwa kwa puti unausikia kama mstari mwembamba. Viringisha mpira taratibu juu ya mahali hapo. Ukisikia mlio mdogo kila unapopita palepale, chini pana mshono au ufa.

Sasa unyoofu. Weka sarafu moja kila mwisho wa meza, tandaza uzi wa kuvulia juu yake, watu wawili wauvute ukaze kabisa. Sarafu ya tatu ipitishe chini ya uzi katikati. Ikipita huku ikiugusa kidogo, jiwe limenyooka. Ikipita na nafasi inayoonekana kwa macho, katikati pamebonyea. Ikiunyanyua uzi, pameinuka. Rudia kwa upana, halafu kona kwa kona kwa pande zote mbili. Kipimo hiki ni bora kuliko pima maji katika hatua hii, kwa sababu meza inaweza kuwa imeinama tu kwa sakafu mbovu ya baa huku jiwe lenyewe likiwa safi. Kuinama kunarekebishika kwa dakika chache, kubonyea ni habari nyingine.

Fremu ichomeni kwa ncha ya bisibisi sehemu za chini za miguu na pembe za ndani. Mbao nzima hukataa. Iliyoliwa na mchwa humeza bisibisi, na ya ubao wa kusindikwa iliyopigwa deki miaka mingi huwa imevimba na kuachana matabaka. Kisha mmoja wenu aisukume meza kwa nyonga upande wa mwisho. Ikiyumba, kaza bolti za miguu kwanza ndipo usukume tena. Ikiendelea kuyumba baada ya kukaza, uzi wa bolti umekufa au kiungo kimeachia.

Raba ziko sita, zijaribuni zote. Bonyeza kwa kidole gumba: inatakiwa ibonyee kidogo na kurudi. Ile inayohisi kama ubao imekauka. Halafu piga mpira mweupe kwa nguvu kwa urefu wa meza, fimbo ikiwa imelala sawa. Raba nzuri huusafirisha urefu wa meza mara 4 au zaidi kabla haujasimama. Ukiishia mara 2, andika gharama ya raba mpya kwenye hesabu yako. Sehemu moja tu ikitoa mlio wa "duf" na kuufisha mpira, mara nyingi ni gundi iliyoachia nyuma ya raba, na hiyo hubandikwa upya.

Mipira ipangeni mitano kwa mstari mnyoofu ikigusana, mpime. Sm 25.4 ina maana ni mipira ya Kiingereza ya inchi 2. Sm 28.6 ni ya Kimarekani, inchi 2 na robo. Hili si dogo. Ncha ya raba hutengenezwa ikae kwenye urefu wa karibu asilimia 63 ya kipenyo cha mpira. Mipira mikubwa kwenye meza ya mipira midogo hugongwa chini kuliko inavyotakiwa, ndiyo maana huruka ikigonga raba kwa nguvu, na mashimo nayo huwa finyu kwake. Baa nyingine huchanganya mipira baada ya kupoteza ile ya mwanzo.

Mwisho tumbukizeni mpira katika kila shimo, moja baada ya jingine, na msikilize unavyosafiri hadi kwenye mlango wa kutokea. Soda na bia zilizomwagika huacha gundi kwenye mifereji ya ndani. Na msiondoke bila funguo zote: wa kisanduku cha sarafu na wa kufungulia juu.

Kitambaa tumekitaja mwisho makusudi. Kilichochakaa kisiwatishe, kiwasaidie kushusha bei. Kipya kabisa kwenye meza kuukuu ndicho cha kukagua kwa makini, kwani huenda kimewekwa wiki hiyo kuficha puti.

Bei itengenezeni hivi: chukueni ile mnayokuwa tayari kulipa kwa meza nzima iliyo sawa hapo mjini, toeni kitambaa na kazi ya fundi, raba kama zimekufa, mipira kama si seti moja, fimbo mbili na gari. Kinachobaki ndicho cha kumpa muuzaji. Mwonyesheni hesabu kwenye karatasi. Watu hushusha bei haraka wakiona orodha kuliko wakisikia "punguza kidogo".

Ya jiwe iliyozeeka au mpya ya ubao?

*Hamjambo. Tunaishi Juja, Kenya, watu wanne, ghorofa ya tatu bila lifti. Meza mpya ya MDF na ya zamani ya slate zinauzwa karibu bei moja. Mwenye ile ya zamani anataka tumtumie deposit kwa M-Pesa ndiyo atuwekee.*

Kwa mchezo wenyewe, jiwe linashinda bila ubishi. MDF hunyonya unyevu, hulegea katikati ya vishikilio, na ikishabonyea hairudi. Jiwe halijali mvua wala jua, na miaka kumi ijayo litakuwa lilelile.

Ila ngazi zenu zinabadilisha jibu. Bamba la sleti la sm 190 kwa 100 lenye unene wa sm 1.9 lina ujazo wa karibu lita 36, na kwa kuwa kila lita ya jiwe hilo ina kilo 2.7 hivi, bamba peke yake linakaribia kilo 100. Meza nzima huweza kupita kilo 200. Sakafu ya zege haitaona kitu, maana uzito umetawanyika kwenye karibu mita za mraba 2.5. Kazi ipo kwenye kona za ngazi, kupanda sasa na kushuka siku mtakayohama. Mkiwa na miaka miwili au zaidi hapo, na ngazi pana, chukueni ya jiwe. Mkiwa na muhula mmoja au miwili tu, chukueni ya ubao, muiweke mbali na dirisha linaloingiza mvua, na msiipige deki chini yake.

Mafundi wengine hutumia mabamba ya marumaru au granaiti badala ya sleti. Yasiwatie shaka mkishayapima kwa uzi na sarafu na kuona yamenyooka, hasa likiwa bamba moja lisilo na mshono.

Pesa msitume. Lipeni mkiwa mmesimama mbele ya meza, baada ya kucheza.

Anayeuza ni meneja wa baa

*Meneja wa baa moja hapa Mwanza anasema meza ni yake na bei ni ya kutupa. Kuna hatari gani?*

Meza nyingi za sarafu zilizoko baa si mali ya baa. Mwenye meza huiweka pale, hupita kufungua kisanduku na kugawana makusanyo na mwenye eneo. Anayeishi na meza si lazima awe ndiye mwenye nayo. Dalili ya kwanza ni ufunguo wa kisanduku cha sarafu: mwenye meza anao. Asipokuwa nao na akawaambia mtavunja wenyewe, ondokeni.

Akiwa nao, bado andikeni hati ya mauziano yenye majina, namba za vitambulisho, maelezo ya meza na namba iliyochongwa kwenye bati la mtengenezaji kama ipo, mkatie sahihi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mashahidi. Picha za meza ikiwa bado mahali pake zipigwe siku hiyohiyo.

Tunaihamishaje bila kuipasua?

*Tumeshalipia, meza iko Area A hapa Dodoma, sisi tuko Ng'ong'ona karibu na UDOM. Tuna vijana sita na tumeahidiwa kirikuu.*

Vijana sita wanatosha. Kirikuu kina kichanja kifupi, meza ya futi saba itatokeza nyuma na mlango utabaki wazi. Ongezeni kidogo mpate Canter.

Toeni mipira yote, kisanduku cha sarafu na chochote kinachocheza ndani. Kisha ingieni uvunguni muangalie kama jiwe limefungwa kwa skrubu au vishikizo. Hapa ndipo mawe mengi hupasukia. Kwenye meza nyingine jiwe limekaa kwa uzito wake tu, na ukiilaza meza kwa ubavu linachomoka lote kwa pamoja.

Likiwa limefungwa, tandikeni magodoro mawili sakafuni, ilazeni meza kwa ubavu mrefu, fungueni miguu kwa spana na kila mguu uandikeni namba kwa chaki pamoja na kona yake. Matundu ya bolti hayalingani kona zote, na mguu ukiwekwa penginepo hukaa upande. Bolti na washa za kila mguu zifungwe kwenye mfuko wake. Meza isafiri ikiwa imesimama kwa ubavu huohuo juu ya godoro, imefungwa kamba pande zote mbili.

Likiwa halijafungwa, fungueni fremu ya juu yenye raba, muinyanyue, kisha mtoe jiwe. Libebwe wima kama kioo cha dirisha kubwa, watu wawili kila mwisho na mmoja kila upande wa kulisawazisha. Likibebwa bapa kwa kushikwa miisho, katikati huning'inia, na jiwe halijui kupinda. Kwenye gari liegemee wima kati ya magodoro, na dereva aambiwe mapema habari ya matuta.

Kabla gari halijaondoka nyumbani, kateni boksi la katoni lenye urefu wa meza na kimo cha kasha lake bila miguu, mlipitishe mlangoni na kwenye kona ya korido. Katoni ikikwama, meza itakwama.

Kwenye sakafu ya vigae, kila mguu uwekeeni kipande cha plaiwudi cha sm 20 kwa 20 chini yake. Robo ya kilo 220 ni kilo 55 kwenye kisahani kidogo cha chuma, na kigae chenye uwazi chini yake hupasuka.

Mpira unaelekea ukutani wenyewe

*Tumeifunga meza hapa Iringa, lakini mpira ukiviringishwa polepole unakwenda upande wa dirisha. Tumeweka karatasi zilizokunjwa chini ya mguu, kesho yake tatizo limerudi.*

Karatasi na katoni hukandamizwa na uzito, ndiyo maana tatizo lilirudi. Tumieni vipande vya plaiwudi nyembamba au bati, au skrubu za miguu kama zipo.

Kwanza thibitisheni kwamba ni meza. Viringisheni mpira kwa urefu kutoka mwisho mmoja, halafu mwingine kutoka mwisho wa pili. Ukielekea dirishani mara zote mbili, meza imeinama. Ukibadilisha upande kulingana na unakotoka, huenda ni vinyweleo vya kitambaa au mpira wenyewe umelika. Jaribuni mipira mitatu tofauti.

Kazeni bolti zote za miguu. Wekeni pima maji katikati kwa urefu, kisha kwa upana sehemu tatu: mwisho mmoja, katikati, mwisho wa pili. Inueni upande ulio chini, msishushe ulio juu, kwa sababu kushusha huacha mguu mmoja ukining'inia bila kubeba kitu. Mtu mmoja apenyeze ubao mrefu chini ya fremu aubinye kupunguza uzito, mwingine azungushe skrubu robo mzunguko, mpime tena. Kila mguu unaougusa hubadilisha na wa pembeni yake, basi nendeni polepole. Pima maji fupi ya sm 20 hudanganya. Azimeni ya mita 1 kwa fundi.

Miisho ikiwa sawa lakini katikati pamelala, fungueni juu na muingize karata za kuchezea kati ya jiwe na fremu, moja moja, hadi uzi na sarafu zikubali. Pimeni tena baada ya wiki moja, kwa kuwa meza iliyohamishwa hukaa taratibu.

Mpira mweupe haurudi

*Tumenunua meza ya sarafu. Mweupe ukitumbukia unabaki ndani na yenzake. Na je, tunaweza kucheza bila kutia sarafu?*

Nani alinunua mpira mweupe mara ya mwisho? Kwenye meza nyingi za sarafu za Kiingereza mweupe ni mdogo kuliko mingine: mm 47.6 dhidi ya mm 50.8. Ndani kuna njia panda inayoupitisha mdogo kwenye mlango wake na kuizuia mikubwa. Mtu akiweka mweupe wa mm 50.8, mtambo hauna namna ya kuutambua. Nunueni wa mm 47.6, na mara nyingi tatizo huisha hapohapo. Kama ukubwa ni sahihi, safisheni njia panda hiyo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, maana uchafu ukiipunguza kwa milimita moja tu, mweupe nao unakwama. Meza nyingine hutumia sumaku, na mpira wake mweupe una chuma ndani. Huo haubadiliki na wa kawaida.

Kuhusu sarafu: fungueni, tafuteni mkono wa chuma unaosukumwa na mtambo na kufungua lango la mipira. Fungeni mkono huo kwa waya katika hali ya kufunguka. Mipira itapita moja kwa moja. Mtambo wenyewe msiutupe, siku ya kuuza meza utawaongezea bei.

Kitambaa kimechanika, tushone?

*Kimechanika sm 6 katikati ya meza yetu hapa Arusha. Mama mmoja mshonaji anasema atakishona.*

Asikishone. Mshono huacha tuta, na mpira hurukia hapo kila mara. Tundu dogo la ncha ya fimbo mnaweza kuishi nalo, lakini sm 6 itaendelea kuchanika kwa kuwa kitambaa kimevutwa.

Nunueni kitambaa cha pool, yaani cha sufu iliyochanganywa na nailoni. Kitambaa cha suti au pazia huteleza, hunyooka na kutoa mikunjo baada ya wiki chache. Kwa meza ya futi saba ya Kiingereza, kipande cha juu ya jiwe kiwe sm 220 kwa 130, na vipande sita vya raba viwe sm 110 kwa 15. Kikiwa na upana wa sm 150, mita 2.8 zinatosha: ubavuni mwa kile kikubwa hutoka vipande viwili vya raba, na vinne hutoka kwenye sm 60 zilizobaki.

Ng'oeni cha zamani na kwangueni gundi yote, hata punje moja huonekana baadaye. Papasa kitambaa kipya: kuna upande kinapolala laini na upande kinapokwaruza. Ulaini uelekee kutoka mnapoanzia kupiga kwenda mnapopanga mipira. Funga mwisho mmoja kwanza, vuta kwa urefu watu wawili kwa nguvu sawa, funga mwisho wa pili. Pande za ubavu anzeni katikati mkielekea kona. Kwenye mashimo kateni mikato mitano au sita, vuteni kila ulimi chini na mbandike. Kama jiwe lina ubao chini yake, pigeni pini. Kama halina, ni gundi ya kupuliza, ikaushwe kidogo kabla ya kubandika. Makosa makubwa ya wanaojifundisha ni kuvuta kwa upana kabla ya urefu, na kukata mashimo kabla kitambaa hakijakaza.

Baadaye pigeni brashi kila wiki kufuata ulaini, kamwe si kwenda na kurudi. Vumbi la chaki likiachwa hukata nyuzi.

Tukimaliza chuo meza ni ya nani?

*Tuko watano hapa Tanga, wawili wanamaliza mwaka huu. Wanataka warudishiwe walichotoa.*

Walichotoa chote hapana, kwa sababu wameicheza. Njia inayokubalika na wengi ni kuithamini meza kwa bei ya siku wanayoondoka, kugawa kwa tano, na anayeingia chumbani kwao ndiye analipa fungu hilo. Kwa mfano, mlinunua kwa shilingi 1,000,000, kila mmoja 200,000. Leo ingeuzwa 750,000, basi anayeondoka anapokea 150,000, na asiyepata mrithi anasubiri hadi meza iuzwe. Matengenezo yasiingizwe humo. Wekeni mchango mdogo wa kila mwezi kwa ajili ya kitambaa na ncha za fimbo, ambao harudishiwi mtu.

Andikeni pia kwamba hakuna kulipisha majirani wala kucheza kwa dau. Ukianza kupokea pesa za watu wa nje umefungua biashara kwenye nyumba uliyopangishwa ya kuishi, na dau linawaingiza kwenye eneo linalosimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mwenye nyumba apewe nakala. Mtajieni na saa ya mwisho ya kucheza usiku, kwa kuwa mlio wa mpira ukitumbukia kwenye mfereji wa mbao hupenya ukuta, na zulia dogo lililobandikwa ndani ya mfereji huupunguza sana.